Ombi la Kurudishiwa Maumivu ya Goti la Mume Wangu

Jumanne, 14 Aprili. Asubuhi anga jeupe, upepo hakuna, wala hakuna wa kuniambia litakalofuata.

Kwa Daktari Mkuu wa Utafiti,

Pokea heshima zangu. Mimi ni dobi, mke wa yule fundi rangi aliyeanguka ngazini akachanika kano za goti. Mlimwingiza katika majaribio ya peptidi, yaani vile vipande vya protini mnavyotengeneza maabarani ili kuihimiza nyama iliyochanika ijiunge. Imejiunga. Hilo ndilo lalamiko langu.

1. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwetu ilikuwa goti. Miaka tisa halikukosea. Likivuta, naanua, likitulia, naanika. Majirani waliniita dirishani: "Mama Dobi, goti linasemaje leo?" Tangu sindano ya mwisho limenyamaza. Shuka za nyumba ya wageni zimelowa mara mbili, na mwenye nyumba ameapa kwamba zikilowa tena, atatafuta dobi mwingine.

2. Jirani yetu alifyatua matofali kwa kuliamini goti. Yamerudi kuwa tope. "Shemeji," aliniambia, "goti lenu limeniponza."

3. Redio tumeijaribu. Redio hutabiri nchi nzima. Goti lilitabiri kamba yangu ya paani.

4. Mama mkwe, ambaye nyonga yake ndiyo akiba pekee tuliyobaki nayo, naye sasa anataka kuchomwa. Mkatalieni. Ameniuliza, "Mwanangu, unataka niumwe ili shuka zikauke?" Nikaendelea kukamua shuka, maana ndivyo.

Hivyo naomba mtengeneze peptidi ya kufumua. Ikishindikana, goti liume robo tu, upande wa nje, uliokuwa na uhakika zaidi. Hilo nalo likiwa gumu, nipeni mgonjwa mwingine mwaminifu. Nitamlisha na kumlaza.

Wasalimie wauguzi, wafagizi, na panya wenu wote wa maabara, hasa anayechechemea mawingu yakitanda.

Wako katika unyevu,
Dobi wa ghorofa ya tatu

Tanbihi: Nikitia sahihi jioni hii, mvua imeshuka bila hodi. Kabla sijainuka, mume wangu alishapanda ngazi mbili mbili hadi paani, akashuka na shuka zote kichwani, kavu, akitweta na kucheka: "Haya, mke wangu, goti limesema!" Miaka tisa sijamwona akikimbia. Lalamiko lisahauni, naituma barua kwa kuwa stempu imeshabandikwa. Mama mkwe atafika kwenu wiki ijayo. Mchomeni nyonga zote mbili.

Nalala sasa, saa nne na nusu, bila kujua kama kesho itanyesha.