Bolti za Bi Mkubwa

Redio ndiyo iliyotuharibia kahawa Jumatatu ile.

Mtangazaji alisema kwamba katika mji wa jirani pikipiki ya abiria ilikuwa inateremka mlima, gurudumu la mbele likachomoka mbele ya kanisa, likaendelea na safari peke yake, likakata kona, likaingia kituo cha polisi. Mwenyewe alifika dakika kumi baadaye, anachechemea.

"Akakuta gurudumu limeshaandikisha maelezo," akasema Nereida.

Nereida anauza kahawa dirishani kwake, huku juu Tivolí, mtaa wa mlimani hapa Santiago, na dirisha lake ndicho kijiwe chetu. Kahawa yenyewe ni nusu buni, nusu njegere za kukaanga, na kinachopungua anakijaza kwa maneno.

Tulikuwa bado tunacheka mtangazaji alipoongeza kwamba Alhamisi pikipiki zote zilizozidi miaka thelathini zipelekwe uwanjani kukaguliwa. Itakayokutwa imefungwa kwa waya, kwa msumari au kwa bolti isiyo yake, inang'olewa pleti namba hapo hapo.

Kicheko kikakatika. Tukageuka kumtazama Wenceslao.

"Mnanitazama nini?" akasema. "Bi Mkubwa mzima kabisa."

Bi Mkubwa ni pikipiki yake, ya Kicheki, ya mwaka sabini na sita. Jina tulimpa sisi, kwa jinsi anavyomtunza na kumwogopa.

"Mzima?" Mhandisi akaweka kikombe chini. Huyu anaitwa Osmel. Miaka thelathini ya kukarabati mitambo ya kiwanda cha sukari ilimpa jina la Mhandisi, na tabia ya kuinua kidole kila akisema. "Nati ya ekseli umeitoa wapi?"

"Kwenye pampu ya maji."

"Ekzosi imeshikwa na nini?"

"Bolti ya kiti cha daktari wa meno."

"Na yeye akakaaje?"

"Alishastaafu."

"Mfuniko wa injini?"

"Una skrubu tatu, zake mwenyewe."

"Si zinatakiwa nne?"

"Ya nne ni imani."

Tulicheka, lakini si kwa muda. Wenceslao anapandisha abiria mlima huu tangu mimi sijafungua duka langu la kinyozi. Bila pleti namba hana kazi, na mtu wa miaka hamsini na tisa nani atampa nyingine? Nilimwona anakizungushazungusha kikombe, na kahawa ilikuwa imeshaisha.

Hapo Majuu akakohoa. Rigoberto tunamwita Majuu kwa sababu kaka yake yuko Tampa, ng'ambo ya bahari. Ukipiga chafya mbele yake, atakwambia za Tampa zina sauti nzuri zaidi.

"Mwanangu Wence, usife na dawa iko kabatini. Bro kanitumia pakiti nzima. Bolti, skrubu, nati, washa, vipande mia na ishirini. Hazishiki kutu mpaka kiama."

Akaenda kuileta. Akaifungua, na kijiwe kizima kikang'aa kama meno ya bwana harusi.

"Kung'aa si ugumu," Mhandisi akainua kidole. "Chuma hicho ni laini. Bolti ya ekseli ugumu wake unausoma kichwani. Iwe imeandikwa nane nukta nane, au zaidi. Isiyoandikwa kitu, kafungie dirisha la banda la kuku."

"Kumbe bolti nazo zina vyeti?" akauliza Nereida.

"Zinavyo. Kuliko watu wengi hapa."

"Basi ziajiriwe zituongoze."

"Wivu tu huo," akasema Majuu. "Mhandisi akiona kitu kimetoka nje ya nchi, pressure inapanda."

Wenceslao alikuwa ameshatia mkono kwenye pakiti. "Mkaguzi ana macho, hana maabara," akasema. "Akiona zinang'aa, anapita."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wenceslao yeye alivunja cha thamani zaidi.

Jumanne mchana alimlaza Bi Mkubwa mbele ya dirisha, nasi tukamzunguka kama madaktari. Akaanza na madigadi. Bolti ikapita huku, nati ikaingia kule, safi. Majuu akapiga makofi. Akahamia kwenye ule mfuniko wa injini, tundu la nne, la imani. Skrubu ikazunguka mara ya kwanza, ikazunguka ya pili, ya tatu ikagoma.

"Acha hapo," akasema Mhandisi.

"Ina aibu ya ugeni," akasema Majuu. "Isukume."

Wenceslao akaisukuma. Akaongeza mpini wa spana, akaulalia kwa kifua. Tukasikia *krrr*, kisha mpini ukawa mwepesi ghafla, na skrubu ikatoka na vumbi jeupe la alumini. Nyuzi zote za tundu zimetoka nayo. Tundu lilikuwa limepasuka mpaka ndani; oili ikaanza kudondoka, tone, tone, kwenye mawe ya barabara.

Mhandisi akaokota pakiti, akaisoma kwa kuisogeza mbali na macho.

"Hizi ni za inchi."

"Sasa?" akauliza Majuu.

"Pikipiki ni ya milimita."

Nereida akashika kichwa. "Nchi yetu na ya huko Tampa hazijaelewana tangu mimi sijaota meno, nyie mlitaka skrubu ndiyo zielewane?"

Wenceslao hakucheka. Alikaa ukingoni mwa barabara, kiganja kimekinga oili, kama mtu anayejaribu kurudisha damu.

"Tundu hilo linatibika," Mhandisi akasema taratibu. "Linakerezwa, linakatwa nyuzi upya. Ila mafundi kereza wameisha hapa mjini. Wawili wako Hispania, mmoja kaburini. Amebaki..."

Sote tulimjua aliyebaki.

"Nitaisukuma mpaka Bayamo, kwa fundi wa huko," akasema Wenceslao.

"Bayamo ni zaidi ya kilomita mia."

"Nina viatu."

Jumatano asubuhi hakwenda Bayamo. Nilimsaidia kusukuma mitaa minne tu, mpaka karakana ya Zoraida.

Zoraida alikuwa mkewe. Waliachana miaka kumi na mmoja iliyopita, na tangu hapo wakikutana foleni ya mkate mmoja anakwenda nyumbani na njaa. Tulimkuta amesimama kwenye mashine yake ya kukereza, aproni ya turubai, miwani juu ya kichwa. Hakumtazama Wenceslao. Alimtazama Bi Mkubwa.

"Mke mwenzangu anaumwa nini?"

Wenceslao akaanza kumfuta Bi Mkubwa vumbi. Ikabidi niseme mimi. Zoraida akainama, akachungulia tundu.

"Nani kafanya unyama huu?"

"Skrubu ilikuwa ya inchi," akasema Wenceslao.

"Sijauliza skrubu. Skrubu haina mikono."

Akalipanua tundu, akakereza kibushi, kijibomba kidogo cha chuma chenye nyuzi ndani na nje, akakipachika. Nikadhani tumemaliza. Hakuishia hapo. Alianza kufungua bolti moja moja, pikipiki nzima, akizitupa kwenye debe: ya pampu, ya daktari wa meno, waya, msumari. Alipofika chini ya kiti akachomoa bolti mbili ndefu, akazishika kiganjani muda mrefu.

"Hizi nazijua," akasema.

Wenceslao akatazama dari.

Kisa hicho mtaa mzima unakijua. Alfajiri moja kitanda cha watu hawa kilianguka kikiwa na Zoraida juu yake. Mumewe alikuwa ameshaondoka kwenda kazini, na Bi Mkubwa alikuwa amefungwa vizuri sana. Siku ile ile Zoraida akachukua mashine yake akaondoka.

"Zilikuwa saizi yake kabisa," Wenceslao akasema kwa sauti ndogo.

"Zilikuwa saizi ya kitanda pia."

Hakuzitupa kwenye debe. Alizitia mfuko wa aproni.

Kisha akateremsha makopo yake. Kila bolti ya zamani aliilaza ubavuni mwa mpya, nyuzi kwa nyuzi, akaziinua dirishani. Mwanga ukipenya katikati, anarudisha, anatafuta nyingine. Ya ekseli aliitafuta nusu saa, akaisoma kichwa, akaisoma tena. Kila moja aliitia grisi na kuianza kwa vidole.

"Bolti inaanza kwa vidole," akasema, bila kumtazama mtu. "Ikikataa vidole, usiiendee na spana. Itoe, uulize ina nini."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Nilikuambia miaka tisa. Ulidhani nazungumzia bolti."

Mimi nikakumbuka kuna nywele za mtu nimeziacha nusu, nikatoka nje.

Alhamisi kijiwe kizima kilihamia uwanjani. Hata Nereida alikuja na birika lake. Zoraida naye alikuja, kwa miguu, akasimama mbali, mikono kifuani. Alisema amekuja kuangalia kazi yake, si mtu.

Mkaguzi alikuwa bwana mnene mwenye nyundo ndogo na daftari. Kabla yetu alikuwa ameshang'oa pleti sita. Akamgonga Bi Mkubwa kila bolti, kang, kang, huku akisikiliza. Akasoma ya ekseli. Akalala chini kabisa, suruali ya sare na vumbi lote. Alipoinuka, uso umebadilika.

"Mzee, miaka kumi na minne kazini sijaona chombo cha zamani kimefungwa hivi. Kila bolti iko kwake."

Wenceslao akavuta pumzi yake ya kwanza tangu Jumatatu.

"Sasa nisome namba niandike," akasema mkaguzi, akazunguka nyuma, akainama.

Pleti namba yenyewe ilikuwa imefungwa kwa waya.

Siku tatu tumehangaika kuiokoa pleti, hakuna hata mmoja wetu aliyeitazama. Mkaguzi akaishika kwa vidole viwili, kwa huzuni kweli, akaanza kuusokota ule waya.

"Samahani, mkuu," ilikuwa sauti ya Zoraida, anakuja mbio. "Redio ilisema waya, na waya huo ni wake, sikatai. Lakini daftari hujaandika. Nipe dakika mbili." Akageuka. "Majuu! Pakiti yako iko wapi?"

"Ninayo. Lakini shemeji, si mlisema za inchi hazifai?"

"Shemeji wa nani? Lete. Tundu la pleti halina nyuzi, linapitisha tu. Bolti ikija na nati yake, hata ikiwa ya inchi, inatosha."

Akazianza kwa vidole, mbili, zikang'aa jua likaumia. Mkaguzi akagonga: kang, kang. Akaandika. Akagonga muhuri.

Majuu aliruka juu. "Tampa! Tampa imeokoa Santiago! Mhandisi, sema neno!"

"Neno," akasema Mhandisi, akageuka kuondoka.

Tulirudi kijiweni sisi wanne kwa miguu, tukakaa. Robo saa baadaye tukamsikia Bi Mkubwa anapanda mlima, sauti nzito, hana hata kelele ya bati. Wenceslao mbele. Nyuma yake, kofia ya abiria kichwani, aproni mapajani, Zoraida.

Nereida akamwaga kahawa nje ya kikombe.

"Mmerudiana?" akauliza Majuu, asiye na breki.

"Nimepanda pikipiki ya abiria," akasema Zoraida. "Watu wote hupanda. Na Jumamosi anakuja karakana. Bolti mpya zikishatembea siku mbili tatu zinalegea, lazima zikazwe tena. Na Jumamosi nyingine pia."

Mhandisi akainua kidole. "Kitaalamu, zikishakazwa mara moja vizuri na washa zake, hakuna haja ya..."

"Mhandisi," akasema Nereida, "kunywa kahawa yako."