Mita Saba na Nusu, na Kitanda Changu

Jumatatu, 3 Februari

Siku kubwa! Baba ametangaza, mdomo ukiwa umejaa yai, kwamba tunahama kutoka gari-nyumba letu la mita kumi na mbili kwenda la mita saba na nusu. Sote wanne. Baba, Mama, mimi Ardith, na mdogo wangu Emmett, ambaye ana miaka tisa na hana haya.

Nyumba ya kawaida hatuna. Tuliuza ile ya Ohio miaka mitatu iliyopita, tangu hapo makazi yetu ni barabara. Lakini misitu mizuri haipokei magari marefu. Mwaka jana tulirudishwa langoni mara sita. Mara ya sita Baba alijaribu kugeuza akang'oa kibao kilichoandikwa KARIBUNI. Ndiyo maana sasa tumeegesha hapa jangwani Arizona, katikati ya wazee waliokimbia theluji, mpaka tupate dogo.

Kuna ramani mbili za ndani. Ramani ya Kwanza: nyuma kabisa, karibu na choo, vitanda viwili vya ghorofa, kila kimoja na dirisha lake na pazia lake. Pazia! Wazazi wanalala juu ya kichwa cha dereva. Ramani ya Pili: wazazi wanalala nyuma, Emmett juu ya dereva, na mimi mezani. Sijakosea kuandika. Mezani. Jioni meza inashushwa, matakia yanapangwa juu yake, inakuwa kitanda. Asubuhi inarudi kuwa meza.

Nina miaka kumi na tatu. Siwezi kulala mahali Emmett anapomwagia maziwa.

Nilisema kwa upole kwamba nitaridhika na lolote watakalochagua. Huo ulikuwa mkakati. Moyoni nimeapa: Ramani ya Kwanza, liwalo na liwe.

Nashukuru kuwa na wazazi wanaotaka maoni yangu. Nashukuru zaidi kwamba hawajui nitakavyoyatoa.

Jumanne, 4 Februari

Jirani yetu Bi Verla ana miaka sabini na minne. Anaishi na mbwa mzee ndani ya gari dogo kama kabati, na hushauri watu bila kuombwa. Amemwambia Baba kwamba anayechagua gari kwa kutazama karatasi atalia. Tandika turubai chini, akasema, bandika utepe wa gundi kwa vipimo kamili, jiko hapa, choo pale, kisha ishini humo siku mbili. Sheria ni moja: hakuna kupita ukutani. Yeye mwenyewe atakaa kwenye kiti chake na filimbi.

Tumeanza na Ramani ya Pili. Saa tatu asubuhi Baba alijisahau akaenda kuchukua koti. Filimbi!

"Wewe Roland! Umepita katikati ya jokofu!"

Baba akarudi, akazunguka hadi mlangoni, na njiani akaliomba jokofu radhi.

Mpango wangu wa kwanza: wazazi walipokwenda kujaza maji, na Bi Verla alipompeleka mbwa wake kutembea, nilibandua utepe wa jiko nikausogeza ndani shibiri mbili. Jiko likawa kama kibanda cha kuku. Mama atapika, kiwiko kitatoka nje, filimbi italia, Mama atakasirika, Ramani ya Pili itakufa. Safi kabisa!

Mama alipika maharage. Hakutoka nje hata kidole. Akamwita Baba kwa furaha. "Roland, hebu njoo uone! Sufuria, sinki, kabati, vyote mkononi. Sipigi hata hatua moja!" Akasema ni jiko alilolitamani maisha yake yote.

Nilitamani niutafune ule utepe.

Hata hivyo nashukuru. Maharage yalikuwa matamu.

Alhamisi, 6 Februari

Siku ya Ramani ya Kwanza. Siku yangu!

Adui amejitokeza. Emmett anataka kulala juu ya dereva kama nahodha wa meli, na hilo liko kwenye Ramani ya Pili tu. Asubuhi alijilaza kwenye kitanda cha chini, yaani ndani ya utepe, akaanza kukoroma na kuguna. Mama akamuuliza ana nini. Akasema hapati hewa, kitanda changu cha juu kinamkandamiza.

Nilimwambia yuko nje. Juu yake hakuna kitu ila mwewe mmoja.

"Dari inanibana kifua, dada," akasema, macho ameyafumba.

Nilitegemea Bi Verla atamkemea. Badala yake alimpigia makofi. Akasema huyu mtoto ndiye pekee kati yetu anayeielewa kazi, anaheshimu hata kuta za juu.

Nikabadili mbinu. Nilitundika shuka kati ya viti viwili, ndilo pazia, nikakaa nyuma yake kimya ili wote waone jinsi msichana mwenye pazia anavyokuwa mtu bora. Nilimaliza jiometri yote ya wiki. Nilisoma saa nne mfululizo. Mwanzoni nilikuwa naigiza. Baadaye nilisahau kuigiza.

Mchana Mama alikuja, akaliinua shuka, akanitazama kwa muda.

"Umekua, Ardith," akasema.

Kisha nikamsikia akimwambia Baba kwamba binti anahitaji mahali pake, na kwamba jiko litajulikana baadaye. Baba akasema basi Jumamosi twende tukalitazame gari lenyewe.

Ninashinda! Nashukuru mno. Nimeshukuru mpaka nimeingiwa na wasiwasi.

Jumamosi, 8 Februari

Nitaandika yote kama yalivyotokea, kwa sababu Mama amesema niandike yote kama yalivyotokea.

Jana Bi Verla alimtajia Mama maswali kumi ya kumuuliza muuzaji. Mama akanipa mimi niyanakili kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Swali la saba lilisema: mwambie arudishe ubavu ndani, kisha ujaribu kwenda chooni.

Ubavu ni kipande cha ukuta kinachotoka nje gari likiegeshwa, pamoja na sofa na meza, ili ndani pawe na nafasi. Gari likisafiri, kinarudi ndani na vyote vyake. Letu kubwa linao, na hata ukiwa ndani unapita bila shida. Bi Verla anasema kwa magari madogo swali la saba limewaliza watu wazima.

Nililifikiria kwa makini. Kama jibu ni zuri, swali halina haja. Kama jibu ni baya, haja ndiyo haipo kabisa. Nikanakili maswali tisa. Namba zikapangika vizuri, moja hadi tisa.

Muuzaji, Bwana Lyle, ana kofia pana na ni hodari wa kusifia. Gari lilikuwa zuri kupita ramani! Ubavu ulikuwa nje, ndani mtu angeweza kucheza dansi. Nilikwenda moja kwa moja nyuma nikapanda kitanda cha juu. Pazia ni la kijani, lina maua madogo meupe. Nikalivuta. Nikafungua. Nikalivuta tena. Kwa mbele nilimsikia Mama akisoma maswali tisa na Bwana Lyle akiyajibu yote tisa. Baba alikwisha kuanza kuupapasa usukani.

Bwana Lyle akasema, lizungushe kidogo bosi, nusu saa, usikie linavyokwenda. Baba akauliza kama wote tumo. Nikajibu ndiyo. Nilikuwemo.

Akabonyeza kitufe. Ngrrrr. Sofa na meza vikaanza kuja ndani, polepole, vikaja, vikaja, hadi vikagusana na kabati la upande wa pili. Nyuma yake tulibaki mimi, vitanda na choo. Mbele walibaki wengine wote.

Sikuogopa. Lazima niseme kweli: ilikuwa nusu saa nzuri kuliko zote maishani mwangu. Milima ilipita dirishani mwangu. Pazia langu lilicheza. Nilikuwa na sinki langu peke yangu.

Kisha Mama, aliyekuwa amekunywa vikombe viwili vikubwa vya kahawa ya bure kwa Bwana Lyle, akagonga sofa.

"Ardith, mwanangu, uko karibu na choo?"

"Ndiyo, Mama."

"Kikoje?"

"Kisafi, Mama. Kina rafu ndogo ya sabuni."

Halafu nikamsikia: "Roland, simamisha gari."

Baba akasema hapa hairuhusiwi, ni daraja. Mama akasema basi likiisha. Baba akasema ni daraja refu kidogo. Emmett alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Mama aliishia nyuma ya dungusi, mmea mrefu wa miiba ambao, kwa bahati mbaya, ni mwembamba.

Aliporudi alikuwa ametulia kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa. Tulipofika kwa Bwana Lyle na ubavu kutolewa nje, alinitazama nikishuka kitandani. Kwanza akasema kwamba nimesafiri mwendo wote huo bila mkanda. Kisha akachukua karatasi ya maswali, akahesabu kwa kidole.

"Bi Verla alinipa kumi," akasema.

Sikuwa na la kushukuru jioni hii. Nimetafuta.

Jumapili, 9 Februari

Nimeungama. Swali la saba, kisha utepe wa jiko, maana nilikuwa nimeshaanza.

Nilidhani watanigombeza kwa ajili ya dungusi. Mama akasema dungusi litakuwa kichekesho wakati wa Krismasi. Kilichomuuma ni kalamu. Mama akasema Baba alikuwa tayari na kalamu mkononi kwa Bwana Lyle, nusu saa zaidi tungeweka sahihi. Halafu Baba akaniambia jambo nisilolijua. Mama ana goti bovu, na kwenye Ramani ya Kwanza angepanda ngazi kila siku kwenda kulala juu ya dereva. Alikuwa amekubali, bila kumwambia mtu, ili mimi nipate pazia.

Nililia. Kwa kweli, si kwa mkakati.

Nikamwambia Mama simtaki tena huyo kitanda wa juu, hata sarufi ilinipotea. Akanikumbatia. Akasema mtu akitaka kitu anakuja anasema, "Mama, nakitaka," na kwamba angenisikia tangu Jumatatu. Kisha akakaa akifikiri.

"Ngoja. Shibiri mbili, ulisema? Yaani lile jiko ni pana kuliko nilivyoliona?"

"Ndiyo, Mama."

"Roland!" akaita. "Jiko limeongezeka!"

Ni Ramani ya Pili. Nimeshindwa, na ni haki. Nashukuru kuwa na mama anayesamehe kabla ya chakula cha mchana.

Jumatano, 12 Februari

Limepatikana! La mzee mmoja mjane anayerudi kuishi kwa binti yake. Mita saba na nusu, halina ubavu kabisa, meza iko katikati. Bi Verla alikuja kulikagua mwenyewe. Aliuliza maswali yote kumi kwa kichwa, kisha akaingia chooni, akafunga mlango, akakaa dakika tano. Akatoka akasema goti linapita na kiwiko kinapita, lichukueni.

Tumehamisha vitu siku nzima. Kila mtu sanduku moja. Kubwa la zamani limeshapata wenyewe, na Baba alilipungia mkono mpaka likapotea.

Nilipoingia jioni niliona kitu. Baba amefunga fito darini kuzunguka meza yangu, na Mama ameshona pazia. La manjano. Lina mfuko kwa ndani wa kuweka kitabu na hii shajara. Emmett akasema hata yeye anataka, wakamwambia anyamaze.

Sistahili. Naandika hapa kwa wino: SITAPANGA NJAMA TENA MAISHANI. Nimepigia mstari mara mbili.

Alhamisi, 13 Februari

Nimelala vizuri sana. Meza ni kitanda bora. Nasema kwa moyo wote.

Niliamka saa moja kwa sababu ya minong'ono. Nikachungulia kwenye upenyo wa pazia. Baba, Mama na Emmett wamesimama kwenye ujia, wanakanyagana, kila mmoja na sahani mkononi. Baba kashika kikaango. Ndipo nikaelewa. Hakuna anayeweza kula mpaka meza irudi. Meza haiwezi kurudi mpaka mimi niamke.

"Ardith, mama," Baba akanong'ona, "umeamka?"

Sikujibu. Nataka ieleweke kwamba hii si njama. Njama ina utepe, ina karatasi, ina uongo. Mimi nimelala tu, kwenye kitanda nilichopewa kwa upendo. Ila mtu akisimama na sahani siku tatu mfululizo, je, hataona mwenyewe kwamba ingekuwa heri kwa familia nzima dada alale juu ya dereva, na Emmett, ambaye ni mfupi na anapenda kuamka na kula, alale mezani? Sitasema neno. Wazo litawajia wenyewe.

Sasa ni saa tatu. Naandika nyuma ya pazia langu. Wametoka nje. Nasikia kikaango cha Bi Verla, na vicheko, na Emmett anaomba chapati ya nne, ile nzito yenye siagi. Mama anamwambia Bi Verla hewa ya asubuhi ni tamu, kwa nini hawakuwahi kula nje? Baba anasema kuanzia leo iwe hivyo kila siku.

Wanajikaza tu. Nawajua. Tumbo langu linanguruma, lakini tumbo halijui mipango.

Nawapa mpaka Jumamosi.