Kapteni Zura Hafi Ijumaa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Phanuel, mwongozaji wetu, kaniita nyuma ya ghala. Zamani lilikuwa la mbolea. Sasa ni chombo cha anga za juu kwenye tamthilia yetu ya televisheni, na mimi Swaumu ndiye kapteni wake, Zura, tangu kipindi cha kwanza. Akasema Kapteni Zura atauawa Ijumaa. Mwale wa adui, kifuani. Kiti changu atakikalia Nekoye, anayeigiza roboti. Nekoye, aliyeajiriwa kupiga pasi sare zetu, akapakwa rangi ya fedha siku roboti wa kwanza alipougua. Eti watazamaji wanampenda. Nimemwambia watazamaji watapenda wanachopewa. Niliacha kufundisha chekechea kwa ajili ya kiti hicho. Mama ameitangazia Mumias nzima. Sifi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda soko la Mayoni na sare kamili, kofia ya kioo kichwani. Mpango: akina mama wampigie Phanuel simu, wadai niachwe hai. Waendesha boda boda wote walinipita, wakidhani nina pikipiki yangu. Nikatembea. Sokoni watu wakajaa mara moja, nami nikahutubia juu ya kreti ya soda. Mama Dinah, muuza dagaa wa omena, akauliza roboti yuko wapi. Nikasema hakuja.

"Wewe unamfokeanga sana yule mtoto," akasema. "Wacha ufe, apumzike."

Wakampigia makofi. Nimerudi na salamu za Nekoye, na omena zake. Salamu sikumpa. Omena nimekula.

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi. Mwale umenipiga, nikabaki wima. Phanuel akangoja. Nikamweleza kwamba angani mtu hana uzito, kwa hiyo hawezi kuanguka. Hoja ya kisayansi. Akakubali. Kisha akaagiza kamba. Nimening'inia darini hadi chakula cha mchana, nikifa kwa kuelea. Nekoye kaniletea maji, akaninywesha kwa mrija. Nimekunywa kwa sababu ya kiu, si kwa urafiki.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemleta Mama, pamoja na shangazi zangu. Hakuna mwongozaji awezaye kumuua binti mbele ya mama yake. Wamefika baada ya sala, na ingokho, kuku wa kwetu, kwenye sufuria. Mama akamtolea Phanuel asalaam aleikum, kisha akauliza binti yake amemkosea nini. Phanuel akampa pole. Nikajua nimeshinda. Akampa Mama kiti cha mbele, akasema tuendelee.

Mwale. Nikaanza hotuba ya kuaga niliyojitungia mwenyewe, ndefu makusudi, ili giza litukute sijafa. Katikati Nekoye, ambaye hapo hana neno hata moja, akanishika mkono.

"Dada Swaumu, usituache."

Jina langu halisi. Machozi yakamchirizika juu ya ile rangi ya fedha. Mama akaangua kilio, shangazi wakapokea. Nami nikaanza kulia, nikakata roho hotuba ikiwa nusu. Phanuel akasema hajawahi kupata picha nzuri namna hiyo na hatairudia. Jina atalifunika kwa mlio wa king'ora. Nimejiua mwenyewe.

Tulipokuwa tukinawa, Nekoye akaniambia kwamba alikwenda kwa Phanuel mara mbili kumsihi anibakize. Hakukitaka kiti. Alitaka tu kuendelea kusimama karibu nami. Nikampa paja la kuku. Nimejiona mdogo jioni nzima.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeripoti kazini na sare. Phanuel akanikumbusha kwamba nimekufa. Nikamwambia mimi ni pacha wake Zura. Akasema Zura hana pacha. Nikasema hawakuwa wakisemezana.

Amekataa, ila ana nafasi moja. Mlango wa chombo haujifungui wenyewe; lazima mtu akae nyuma ya ubao, ausukume kando kila mara roboti anapoingia. Nimeikubali kwa unyenyekevu mkubwa. Nekoye akanikumbatia kwa furaha. Msichana mwema. Sina kinyongo naye kabisa.

Kesho anaingia kwa mara ya kwanza kama kapteni, kwa mwendo wa haraka, kichwa juu, muziki ukipanda.

Mlango utafunguka nitakapoamua mimi.