Kuhusu Kuuawa Kwetu Jumanne, na Kazi ya Mbeyu

Ndugu Mkurugenzi Gerishom Mwenda,

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, ingawa kwa mujibu wa ripoti iliyo mezani kwako mimi ni marehemu tangu Jumanne asubuhi. Nimetangaza habari za pwani hii miaka mingi na sijawahi kukanusha kifo changu mwenyewe, lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba Bwana Musyoka, mkufunzi uliyemleta redioni kutufundisha kukabiliana na washambuliaji wenye silaha, amependekeza Mbeyu aondolewe mapokezi mwisho wa mwezi huu kwa kosa la kuwakaribisha wauaji. Akirudi kwao Vitengeni hakuna kazi inayomngoja, na wanaomtegemea huko unawajua. Kwa heshima zote, nina malalamiko.

1. Washambuliaji walibisha hodi. Mwaringa na Cliff, waliokodiwa kutushambulia katika zoezi hilo, waliagizwa kuvunja mlango kwa teke. Mlango ulikuwa wazi. Mwaringa, mtu wa makamo aliyelelewa vizuri, akasimama kizingitini na bunduki yake ya mbao akasema, "Hodi wenyewe." Sasa mtu akipigiwa hodi ajibu nini? "Karibu" haipitii kichwani. Hutoka yenyewe kama chafya. Bwana Musyoka naye aliingia kwa hodi asubuhi ile ile, akala mahamri yetu, na hakuna aliyeandikwa kuwa amezembea.

2. Mwaringa ndiye aliyeshindwa kuua, lawama akapewa Mbeyu. Alipokwisha kuketi na kupewa maji, Mbeyu alimuuliza kwao ni wapi. Ni Vitengeni. Wa nyumba ya nani? Wakafuatana hivyo hadi ikabainika kuwa Mwaringa na mama yake Mbeyu ni watoto wa ndugu wawili, yaani huyu ni mjomba wake kabisa. Mbeyu akamwamkia upya. Bwana Musyoka, aliyekuwa dirishani na filimbi yake, akapaza sauti, "Mpige risasi!" Mwaringa akamjibu, "Nimpige, halafu matangani nikakae upande gani?" Sijapata kusikia afisa wa usalama akiulizwa swali zuri kuliko hilo.

3. Tulifundishwa kwamba ukishindwa kukimbia, jifiche. Chumba pekee chenye kufuli hapa ni choo. Ufunguo unakaa nao wewe, na wewe ulikuwa Kilifi. Tukapanga foleni mlangoni. Cliff, alipomaliza glasi yake ya maji kule mapokezi, akaja na bunduki yake, akauliza nani wa mwisho, akasimama nyuma ya Everlyne wa uhasibu, kwani naye alikuwa na haja. Ripoti inasema alituua sote pale pale. Ukweli ni kwamba alimshikia Everlyne mkoba.

4. Ili tupate hofu, fataki zililipuliwa chini ya dirisha la studio. Marvin alikuwa hewani akisoma matangazo ya vifo. Hakutetereka. Bwana Musyoka akaingia na kumwarifu, kipaza sauti kikiwa wazi, kwamba ameshakufa. Marvin akasema, "Sawa mzee, nimalizie wa Magarini kwanza." Tangu siku hiyo wasikilizaji wa Ganze wanapiga simu kuuliza Marvin anazikwa lini na kama kutakuwa na usafiri.

Ukiyatazama haya kwa utulivu utaona kuwa Mbeyu aliwaketisha watu wawili wenye silaha, bunduki zikawekwa chini ya kiti, na hakuna aliyeinuka mpaka glasi zilipokwisha. Sijui kikosi kilichowahi kufanya hivyo kwa maji ya mtungi. Kwa hiyo naomba asiachishwe kazi, bali afanywe mkuu wa usalama. Naomba pia mapokezi paajiriwe mtu mmoja kutoka kila ukoo, kuanzia hapa mpaka Ganze, na kwa ajili ya washambuliaji wa kutoka bara tumpate Phoebe wa matangazo, ambaye ana jamaa kila mahali. Zaidi ya hayo, kaunti itunge sheria kwamba asiyebisha hodi haruhusiwi kushambulia. Atakayebisha atakaribishwa, atakayekaribishwa atakuta ni ndugu, na ndugu ana matanga ya kufikiria. Baada ya hapo Bwana Musyoka anaweza kwenda zake, maana hana cha kutufundisha.

Nisalimie Charity na watoto, na wote wa ofisi ya Kilifi, hasa wale ambao hawajauawa bado.

Nabaki wako, kwa hali yoyote nitakayoandikwa,
Jimmy Mwambire
Mwandishi wa habari, Malindi

Baada ya sahihi: Leo Bwana Musyoka amerudia zoezi bila kututaarifu, mimi nikiwa chumba cha nyuma natafuta bahasha. Mwaringa alibisha mlango wa mbele, "Hodi, Mbeyu. Ni mimi mjomba wako." Mlango ulikuwa umeshafungwa, taa zimezimwa, na wenzangu wote wako chooni, kwa ufunguo ambao Mbeyu ameuchongesha mwenyewe. Akamjibu kwa adabu, "Shikamoo mjomba. Baki huko huko nje." Bwana Musyoka amefuta pendekezo lake, na Mbeyu anabaki mapokezi. Cliff alibisha hodi mlango wa nyuma. Tafadhali puuza malalamiko yangu ya kwanza, na ukiweza hata yaliyobaki, na uniandikishe kwa mafunzo yajayo. Leo amekufa mtu mmoja tu, na neno lake la mwisho lilikuwa "Karibu."