Mpango wa Kubana Karatasi Bila Kupoteza Nukta

Kuanzia tarehe mosi Aprili 1975, wananchi wote wa Mtwara wenye shughuli na ofisi yetu walitangaziwa kwamba hakuna karatasi itakayosafiri kwenda Dar es Salaam ikiwa karatasi. Itabanwa kwanza. Ikishabanwa itatamkwa kwa redio koli, yaani simu ya upepo, ikifika itabanuliwa, na ikibanuliwa itakuwa ile ile, bila kupotea neno, mhuri wala nukta. Tangazo lilibandikwa mlangoni, pale Shangani, na chini yake palikuwa na saini ya Ndugu Danieli, Mratibu wetu, ambayo peke yake ilichukua robo ya karatasi.

Mimi ni Erasto. Nilikuwa karani mkuu wa masjala katika Ofisi ya Uratibu wa Makazi Mapya, na pia Katibu wa Kamati ya Ubanaji. Kwa hiyo ninayoyasema nayajua kwa ndani, na nayasema kwa heshima zote zinazostahili.

Watu wa mitaa ya Magomeni na Rahaleo, hapa hapa Mtwara, walipolisikia tangazo walicheka. Hawakuwa na taarifa kamili. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeifunga barabara huko Rufiji, na meli ilikuwa ikitengenezwa. Ndege ilikuwepo, lakini ilikuwa na utaratibu wake: kwanza viongozi, kisha korosho za viongozi, kisha mafaili ikiwa nafasi imebaki. Nafasi haikuwahi kubaki.

Tulikuwa tumejaribu muhtasari. Mwezi Januari tulipeleka kwa simu ya maandishi habari za kijiji kimoja cha pwani: kaya arobaini, ng'ombe hakuna. Njiani maneno yalipishana, na Makao Makuu yakapokea ng'ombe arobaini, kaya hakuna. Baada ya majuma mawili nafasi ilipatikana kwenye ndege, tukaletewa mapipa ya dawa ya kuogeshea mifugo kwa ajili ya kijiji ambacho watu wake walimjua ng'ombe kwenye pilau tu. Ndugu Mratibu aliyapokea mapipa kwa hotuba. Ndipo Makao Makuu wakatoa agizo kwamba hawataki tena muhtasari. Wanataka hati yenyewe, na sura yake, kama ilivyo.

Hati yenyewe ingefikaje, na barabara imefungwa? Hilo lilitukalisha vikao vinne.

Jibu lilitoka kwa Bi Tabu, mhudumu wetu wa chai, mwenyeji wa Mikindani. Saa za mapumziko alikuwa akisuka ukili wa mikeka kwenye baraza ya nyuma. Siku moja nilimsikia akimtumia mdogo wake nakshi ya mkeka kupitia mtu aliyekuwa anakwenda huko mtoni Ruvuma. Hakumpa mkeka wala mchoro. Alimpa maneno tu: nyeupe tisa, nyeusi mbili, nyeupe tisa, mstari wa pili kama juu, wa tatu kama juu, wa nne nyeupe nane. Nikamuuliza Bi Tabu, huyo mtu atakumbukaje mkeka mzima.

"Mkeka mzima wa nini, mwanangu?" akasema. "Mtu hahesabu mkeka. Anahesabu pale rangi inapogeuka."

Nililipeleka jambo hilo kwa Ndugu Mratibu kama nilivyolisikia. Akaniambia kwamba wazo hilo alikuwa nalo tangu alipokuwa chuoni, ila mazingira hayakuwa yamekomaa. Jioni hiyo hiyo mpango ulipata jina, na kesho yake ulipata kamati ya watu saba. Bi Tabu hakuwa mjumbe, kwa sababu ngazi yake ya mshahara haikuruhusu, lakini kila kikao aliingia na birika na kila kikao tulimwomba atueleze tena.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Hati ilibandikwa kwenye kioo cha dirisha linalotazama bahari, ili mwanga upenye. Juu yake tuliweka karatasi nyembamba ya vijimraba vya milimita moja. Kijimraba kilichoangukia wino kiliitwa cheusi, kilichoangukia karatasi tupu kiliitwa cheupe. Mmoja akihesabu, mwingine aliandika. Huko Dar es Salaam mchoraji ramani mmoja aitwaye Issa angekuwa na karatasi tupu ya vijimraba vile vile, na angetia wino kwa kufuata hesabu zetu.

Kamati ilikuwa na mchango wake. Mjumbe mmoja alihoji kwa nini kila mstari uanze kwa nyeupe wakati nchi imekwisha pata uhuru. Hoja ilionekana ina uzito. Tukaazimia kwamba nyeusi itatajwa kwanza daima, hata kama haipo. Kuanzia hapo mistari mitupu, ambayo ndiyo mingi, ilisomeka "nyeusi sifuri, nyeupe mia mbili na kumi". Ubanaji ulipungua kidogo, lakini heshima ilipatikana.

Hati ya kwanza iliyochaguliwa kubanwa ilikuwa Fomu ya Ukaguzi wa Eneo la Chimwenda.

Chimwenda ni huko juu uwandani, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka mtoni. Ofisi yetu ilikuwa imeamua kwamba watu wa Namkunda, wanaokaa mlangoni mwa Ruvuma na kulima mpunga, wahamie huko wakae pamoja karibu na barabara kuu. Barabara hiyo ilikuwa bado kwenye ramani, lakini ilichorwa vizuri. Fomu ilikuwa na maswali sita. La nne liliuliza: je, maji yapo? Jibu lilikuwa: yapo, tele.

Jibu hilo niliandika mimi, kwa mkono wangu, na herufi zangu ni nzuri. Niliandika kwa sababu nilielekezwa. Siku ile sikuona tatizo. Karani hapewi maji kuyaonja, anapewa karatasi kuijaza.

Mdogo wake Bi Tabu, yule wa mkeka, alikuwa wa Namkunda. Jina lake Mwanaamina, mjane mwenye watoto wanne. Alikwisha kuja ofisini mara tatu. Kila mara alieleza kwa upole kwamba Chimwenda anaijua, aliolewa huko zamani, na kwamba maji yake yanapatikana kwenye mizizi na kwenye mashimo ya miti baada ya mvua. Agosti mtu anaondoka alfajiri na mtungi, anarudi adhuhuri na nusu mtungi. Kila mara nilimwambia hoja yake imepokelewa. Nilikuwa nimeipokea kweli, iko kwenye faili.

Basi tukaanza kuhesabu. Kufikia siku ya pili tulikuwa mstari wa mia moja na themanini, mimi naandika, Bi Tabu anahesabu dirishani, kwa kuwa wajumbe wote saba walikwisha umwa macho. Ghafla akaacha kuhesabu. Nikamwona anatembeza kidole ukingoni, upande wa kulia, taratibu, midomo ikicheza. Bi Tabu alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima Desemba iliyopita. Alikuwa akisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, lakini alikuwa akivuka.

"Hapa pana penseli," akasema. "Nayo tuihesabu?"

Nikasogea. Yalikuwa maandishi ya Ndugu Mratibu mwenyewe, herufi kubwa kama za kwenye mbao za maduka, na nilipoyaona nikakumbuka. Yalisema: Erasto, hapa jaza yapo. Sikushuka garini, jua kali.

Nilipaswa kuyafuta mara tu baada ya kujaza. Sikuyafuta. Yalikaa pale miezi miwili, yakapigwa mhuri, yakatiwa saini.

Kifutio kilikuwa mezani. Nakiri nilikitazama. Penseli ikibaki, jina langu lingefika Dar es Salaam likiwa limeunganishwa na uongo, na mimi nilikuwa na mke na mama mzazi Upare wanaonitegemea. Penseli ikifutwa, hakuna ambaye angejua. Bi Tabu hakuniomba kitu. Alikaa tu akinitazama, mkono wake bado uko kwenye kioo, na nikaona kwamba anamfikiria mdogo wake na mtungi.

Mimi ni mtumishi wa umma. Mtumishi wa umma akiwa njia panda huomba mwongozo. Nikapanda juu kwa Ndugu Mratibu, nikamkuta anatayarisha hotuba ya kwenda kuueleza Mpango kwenye mkutano wa mikoa yote huko Dodoma. Nikamwarifu kwamba kwenye hati kuna alama za penseli ukingoni, na nikauliza kama zifutwe au zihesabiwe. Nikaongeza kwamba ingefaa azitazame mwenyewe.

Hakuinua kichwa. "Ndugu Erasto, Mpango unaitwaje?"

"Mpango wa Kubana Bila Kupoteza, Ndugu Mratibu."

"Sasa ukifuta, umepoteza au hujapoteza?"

"Nimepoteza."

"Basi?"

Nikasema penseli si nyeusi hasa, ni kijivu. Akaweka kalamu chini, akanipa mwongozo ambao niliuandika neno kwa neno na kumwomba autie saini: katika ofisi hii hakuna kijivu, kisicho cheupe ni cheusi. Akasaini. Saini ilichukua robo ya karatasi.

Nilirudi dirishani. "Hesabu, Bi Tabu," nikasema. Akahesabu, na sijapata kumsikia akihesabu kwa sauti nzuri kama siku ile.

Modesta, mtumaji wetu wa redio koli, aliitamka hati kwa siku mbili. Wavuvi waliokuwa na redio zao za mkulima, zile ndogo za betri, walidai walimsikia katikati ya taarifa ya habari, na kwamba kuna wazee waliodhani ni uchawi mpya. Jioni ya siku ya pili alisema "kama juu" mara ya mwisho, akaenda nyumbani bila sauti.

Siku nne kimya. Siku ya tano ujumbe ukaingia kutoka Makao Makuu, na Modesta akauleta mwenyewe juu, mimi nikiwepo. Ulisema: Hongereni sana. Nakala imetoka safi kabisa, saini na mhuri vimelinganishwa na vilivyopo kwenye majalada yetu na vimefanana kila nukta. Tumevutiwa hasa na ukingo wa kulia. Tafadhali thibitisheni kwamba hakuna kosa la hesabu.

Ndugu Mratibu alitabasamu mpaka kwenye neno ukingo. Akaagiza hati iletwe, akaitazama, akatoa kifutio mfukoni na kufuta ule mstari kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akaniuliza kwa nini nilimfanyia vile. Nikamwonyesha mwongozo wake. Hakuusoma, aliifahamu saini.

Sitasema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hakupenda jua. Siku ile nilimwonea huruma, maana alikuwa amekalia kuti kavu na mwenye kulikata ni yeye. Angejibu kwamba hesabu zilikosewa, basi Mpango ulikuwa unapoteza, na Dodoma hakuna. Angejibu kwamba hesabu ni sahihi, basi hakushuka garini. Alikaa na swali hilo siku tatu. Siku ya tatu akaniita, akaniambia kwa sauti ya chini niandike jibu: Hakuna kosa la hesabu.

Kusema kweli hapo nilimheshimu, ingawa sina hakika kama alilinda ukweli au alilinda Mpango.

Uamuzi ulikuja upesi. Watu wa Namkunda wasihamishwe mpaka maji ya Chimwenda yathibitishwe. Ili yathibitishwe, Mratibu ahamie Chimwenda yeye kwanza, akae kwenye hema, na aendelee kukaa huko mpaka ayaone na kuyanywa. Mkutano wa Dodoma ungehutubiwa na mtu mwingine anayeufahamu Mpango. Mimi nilipata barua ya onyo kwa kujaza nisichokijua. Nilistahili. Niliipokea, nikaipa namba, nikaiweka kwenye faili langu mwenyewe, kwa kuwa masjala ilikuwa yangu.

Jambo la Dodoma lilitusumbua, kwa sababu kila mjumbe wa kamati aliyeulizwa alikuwa bado anaumwa macho. Mwishowe alikwenda Bi Tabu, kwa ndege, na mkeka mmoja wa kuonyeshea. Wanasema alimaliza kwa dakika kumi, na makatibu wa mikoa walibaki saa nzima wakimuuliza rangi anazipata wapi. Mwanaamina alikwenda uwanjani kumsindikiza. Alinisalimia, akaniambia kwamba mpunga umeanza kubeba.

Ndugu Mratibu alikwenda Chimwenda mwanzoni mwa Juni na madebe sita ya maji. Ripoti yake ya kwanza ililetwa mwezi Agosti na dereva wa ofisi, Hamisi. Ilikuwa imeandikwa kwa penseli, herufi ndogo ndogo, na haikuwa na saini. Nikaibandika kwenye kioo tuanze kazi. Bi Tabu, ambaye sasa alikuwa mjumbe, akaisoma bila kutumia kidole.

Ilisema: Maji hakuna.

"Hii ipelekwe hivi hivi," akasema. "Haibaniki zaidi."