Kumtoa Limi Kizimbani

Jumatatu, 10 Agosti 1953. Ngokolo.

Nina hasira. Mke wangu Eufrasia atajifungua wakati wowote, na binti yetu Limi, miaka mitatu kasoro mwezi, bado analala kizimbani. Kizimba ndilo jina nililokipa kile kitanda cha kitoto chenye fito pande zote, alichoniachia Mzungu wa kinu cha pamba alipohama. Mtaa mzima ninacho mimi tu! Mtoto ajaye anakihitaji. Miguu ya Limi imeshatokeza nje kama ya mbuzi aliyefungwa nyuma ya baiskeli.

Jirani yangu Kalisti, seremala, ameleta kitanda kipya cha kamba. Kizuri. Inaniudhi kwamba ni kizuri. Limi akakitazama, akasema, "Yaya!" Hapana ya Kisukuma. Kaitoa kwa bibi yake, mama mkwe wangu Mageni, aliyekuja kutoka Kishapu kumsubiri mjukuu. Mama mkwe, akiwa nyuma ya mlango kama adabu ya wakwe inavyotaka, akashauri mtoto aachwe azoee taratibu.

Taratibu! Mimi karani wa kununua pamba. Wakulima mia wanapanga foleni nikinyanyua kidole. Nishindwe na huyu?

Jumanne, 11 Agosti.

Mpango wa kwanza: hofu. Nilimwambia Limi fisi amehamia chini ya kizimba. Akatoka mbio! Nikapiga makofi.

Mapema mno. Kwa akili za Limi, fisi ana miguu, anaweza kuhamia chini ya kitanda kipya vilevile. Basi kakataa vyote viwili, kalala mahali pangu ubavuni mwa mama yake. Mimi mkekani, jikoni, na kuku. Eufrasia kaniuliza nani aliyemleta fisi nyumbani. Swali la uchokozi.

Alhamisi, 13 Agosti.

Siku ya laana!

Jana mama mkwe alimfukuza fisi kwa ufagio, Limi akishangilia. Fisi kaenda, mtoto kizimbani tena. Nani aliyemtuma mama mkwe?

Mpango wa pili: kumwonyesha kwa macho kwamba kizimba ni kidogo. Nikavua shati, nikaingia mwenyewe. Nikamwambia, "Unaona mtu mkubwa anavyobanwa?" Goti la kulia likapita katikati ya fito. Halikurudi.

Limi akacheka, kisha akaenda kumwita bibi yake. Mimi na mama mkwe hatujawahi kutazamana usoni tangu harusi. Akaingia na bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akamkuta mkwewe yuko kifua wazi kwenye kitanda cha mtoto. "Mayu wee!" Michembe chini, kanga usoni, mbio mpaka kwa Kalisti.

Kalisti akaja na msumeno. Akauliza, kwa uso mkavu, akate fito au goti. Kakata fito nne. Upande mzima ukaanguka.

Eufrasia hakucheka. Alishika tumbo, akakitazama kizimba, akauliza mtoto wake atalala wapi. Nikamkasirikia Kalisti.

Ijumaa, 14 Agosti.

Mama mkwe kachukua kigodoro cha Limi na kanga yake kuukuu, akamwomba Limi mwenyewe avitandike kwenye kitanda kipya. Akaketi kando akibangua karanga. Mtoto akalala mchana wote! Nimetazama kwenye ufa wa mlango, meno nimeyauma.

Jumapili, 16 Agosti.

Eufrasia kajifungua jana, hospitali ya Kolandoto. Mvulana. Wazima wote wawili. Nililia kidogo, vumbi. Mama mkwe anasema watoto wake wote walilala ubavuni mwake, na huyu atafanya hivyo hivyo. Eufrasia kakubali. Amenisalimia pia, nadhani.

Limi yuko kitandani kwake siku ya tatu. Majirani wanampongeza bibi. Bibi! Hakuna anayeuliza nani alimchosha mtoto kwanza, nani alimtia hofu ya fisi, nani alikivunja kizimba kwa mwili wake. Watu wa Ngokolo hawana shukrani.

Sasa naona kipaji changu ni malezi. Valerian, mtoto wa Kalisti, ana miaka miwili na nusu, bado ananyonya. Aibu kwa mtaa. Kesho asubuhi nakwenda kumwachisha ziwa. Sijaitwa, lakini wataalamu hawasubiri kuitwa. Pilipili nimeshasaga.

Kilichobaki ni kumweleza mke wa Kalisti pa kuipaka.