Matunzo ya Chiriku na Kochi la Ngozi

Jumatatu, 4 Machi
Samahani, shajara. Tangu mahakama inipangie matunzo ya binti yangu Chiriku, sijakuandikia neno. Nilikuwa nimenuna. Hakimu alinitazama, akataja kiasi, basi. Eti ndivyo walivyozoea: kila baba kiasi kile kile, awe na meli au awe mshona makochi kama mimi. Sasa kuna kamati inayotaka kubadili hesabu hiyo, nayo inakusanya maoni ya watu. Maoni ninayo tele. Mtalaka wangu ana jokofu. Kaka yake mwenyewe amenitambia nalo. Mwenye jokofu asaidiwe nini?

Alhamisi, 7 Machi
Nilisimama mbele ya kamati. Nilisema midomo ya wazazi haiaminiki. Maofisa waende majumbani, waone kila mmoja anavyoishi, ndipo wapige hesabu. Nilipigiwa makofi. Mwenyekiti, mama wa miwani, aliniomba nirudie polepole ili aandike. Akasema kanuni hiyo itajaribiwa kwa kesi chache, na kwa kuwa wazo ni langu, waanze na yangu. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumamosi, 9 Machi
Jirani yangu kinyozi, aliyeshtakiwa mara nyingi hata tunamwita Wakili, ameukatiza mluzi wangu. Anasema hesabu mpya inatazama pia mtoto analala wapi: baba mwenye malazi mazuri huongezewa siku za kukaa na mtoto, na matunzo hupungua. Akaniuliza Chiriku hulala wapi akija kwangu. Nikasema mkekani. Alicheka hadi mteja wake akauogopa wembe.

Lakini karakana yangu imejaa vitu vya watu! Adhuhuri nimehamishia chumbani kitanda cha mteja mmoja, chenye godoro nene, na kochi la ngozi la daktari wa meno. Kochi lilikwama mlangoni. Uani wakatoka wote kutazama. Mama mwenye nyumba akauliza ni la nani. Kusema kweli kungeniua? Nikamjibu ni langu, nimelipa taslimu. Nikalisema kwa sauti, asije mtu akakosa kusikia.

Jumanne, 12 Machi
Ofisa wa ustawi wa jamii amekuja. Mpole, viatu vimechoka. Aliketi kwenye kochi, akazama, akafumba macho kidogo. Chiriku alikuwapo. Nilikuwa nimemfundisha asifie chumba, naye aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Alisema baba ana kila kitu, na makochi mengine yamejaa karakanani hata pa kukanyaga hapana. Nikamkonyeza anyamaze. Akadhani namtaka aongeze. Akaongeza gari.

Ijumaa, 15 Machi
Balaa. Ofisa alifika pia kwa mtalaka wangu. Jokofu ni bovu, alipewa bure. Hutunzia humo sare za shule zisiliwe na panya. Kwa hiyo yeye ni fukara, mimi ni tajiri. Ofisa amependekeza matunzo yawe mara mbili. Mtalaka amepita karakanani kunipongeza. Ananikaribisha siku yoyote nikapunge upepo wa jokofu lake, mradi nije na gari langu. Baadaye daktari wa meno amechukua kochi, akiuliza mbona linanuka maziwa.

Wakili anasema nikakiri. Nikikiri, matunzo yatapungua, lakini nani atamwongezea siku baba wa mkekani? Na Chiriku ameacha mwanasesere wake juu ya mto wa kitanda kile cha mteja, amshikie nafasi mpaka Jumamosi ya wiki ijayo.

Jumapili, 17 Machi
Kitanda kimerudi kwa mwenyewe. Mwanasesere yuko mkekani, ananitazama.

Wakili amenishangaa. Eti mbao ninazo, godoro najua kulishona, kwa nini nisimtengenezee mtoto kitanda? Nimemwambia akate nywele, sheria aniachie mimi. Kesho kamati inakaa tena, nami nitasimama. Nitapendekeza maofisa waache kutazama vitu, maana vitu hudanganya. Wawaulize majirani. Hapa uani wananijua, na hakuna asahauye alichokiona wala alichokisikia.

Uamuzi ukitoka, shajara, nitakuandikia siku hiyo hiyo, kwa wino mwekundu. Safari hii nimewaweza.